Jomo Kenyatta, Mtoa Data wa Fonolojia: Sheria ya Dahl kutoka Dagoretti hadi London

Jomo Kenyatta ameandikwa sana. Wanahistoria wamemchambua, wanasiasa wamemgombania, na kila mtoto wa shule nchini Kenya anaijua sura yake kutokana na sarafu alizowahi kuzishika mkononi. Sisi wanafunzi wa isimu ndio ambao aghalabu tunampita bila kumtupia jicho, ilhali kati ya mwaka wa 1935 na 1937 sehemu ya riziki ya mtu huyu ilitokana na fonetiki. Alilipwa ili atamke. Makala haya yanayasimulia maisha yake kutoka upande huo wa ulimi na sikio, kwa sababu ninaamini kwamba istilahi moja inayotusumbua katika kozi ya fonolojia, yaani Sheria ya Dahl, hueleweka kwa wepesi zaidi ikifuatwa katika nyayo zake kuliko ikikaririwa kutoka ubaoni.

Kabla ya kumfikia Kenyatta, sina budi kuungama jambo. Nililelewa Waithaka, magharibi mwa Nairobi, katika nyumba iliyozungumza Gikuyu. Nilipokuwa darasa la tano niliitwa kusoma kwa sauti kifungu cha Kiswahili, nami nikasoma gitabu, kisha gitanda, kisha gutoka. Mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu nirudie maneno hayo mara tatu, na darasa zima likaangua kicheko. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ulimi wangu ulikuwa mvivu. Nilipofika mwaka wa pili wa chuo kikuu ndipo nilipokumbuka kwamba katika kifungu kile kile nilikuwa nimesoma kiatu na kijana bila kosa lolote. Hakuna aliyeuliza, na mimi mwenyewe sikuuliza, kwa nini ulimi uteleze kwenye kitabu lakini usiteleze kwenye kiatu. Uvivu hauchagui maneno namna hiyo.

Jibu la swali hilo lilikuwa limechapishwa tangu mwaka wa 1903. Katika nchi ya Unyamwezi, ambayo leo ni sehemu ya Tanzania, alikuwako mmisionari wa Kanisa la Moraviani aitwaye Edmund Dahl. Aliligundua jambo la ajabu katika matamshi ya Kinyamwezi: penye silabi mbili zinazofuatana, ambazo katika lugha nyingine za Kibantu huanza zote kwa konsonanti sighuna, Kinyamwezi huigeuza ile ya kwanza ikawa ghuna. Tatu ya Mswahili ni -datu kwa Mnyamwezi. Carl Meinhof, mchungaji wa Kijerumani ambaye tayari alikuwa ameandika kitabu mashuhuri juu ya fonolojia ya lugha za Kibantu mnamo 1899, aliipokea habari hiyo, akaona kwamba haikuwa ya Wanyamwezi peke yao, akaitangaza kwa jina la aliyeigundua. Ndiyo maana tunaiita Sheria ya Dahl.

Wanafunzi wengi huichanganya na usilimisho, na kosa hilo nimelikuta hata katika kazi zilizopigwa chapa. Katika usilimisho sauti moja hujifananisha na jirani yake: ile n ya ngeli ya N hugeuka m mbele ya b, tukapata nyumba mbaya. Sheria ya Dahl ni kinyume chake. Hapa majirani wawili wanafanana kupita kiasi, wote wawili hutamkwa bila nyuzi za sauti kutetemeka, basi wa kwanza hujitenga kwa kuanza kutetemesha nyuzi hizo. Katika Gikuyu sheria hii imebaki kwa konsonanti moja tu, k. Ikiwa silabi inayofuata inaanza kwa t, k, c au th, basi k hugeuka ile sauti inayoandikwa g, ambayo kwa hakika si kipasuo bali ni kikwamizo, ndugu wa gh ya neno ghali. Kiti ni gĩtĩ, kikombe ni gĩkombe, kijiko ni gĩciko. Lakini kiatu ni kĩratũ, maana r ni ghuna na k haina sababu ya kuikimbia. (Kwa msomaji asiyeijua tahajia hii, ĩ husomwa karibu na e, na ũ karibu na o.)

Atakaye kuiona sheria hii kwa macho asiende maktaba. Apande matatu ya kwenda Waithaka na viunga vyake, asome vibao. Kawangware, Kabiria, Kabete na Kinoo vina K, kwa kuwa konsonanti inayofuata ni ghuna. Gatina, Gachie, Gitaru na Gikambura vina G, kwa kuwa inayofuata ni t, ch au k. Kiambishi ni kile kile, ka- au kĩ-, kilichovaa nguo mbili. Hata majina ya watu hutii: Kamau, Karanja na Kimani kwa upande mmoja, Gathoni, Gitau na Gichuru kwa upande wa pili. Chifu mkuu wa Wagikuyu katika enzi za mwanzo za ukoloni, ambaye maskani yake yalikuwa huku kwetu Dagoretti na aliyefariki mwaka wa 1929, aliitwa Kinyanjui wa Gathirimu. Mwana ana K na baba ana G, wala hapana aliyekosea. Katika jina Waithaka lenyewe wengi wetu husikia neno ithaka, yaani mashamba ya ukoo. Umoja wake ni gĩthaka.

Katika ulimwengu huo wa sauti ndimo alimozaliwa mtoto aliyeitwa Kamau, katika eneo la Gatundu, katika miaka ya 1890. Siku na mwaka hasa havikuandikwa popote. Jina lake lilianza kwa Ka- na la pahali pake kwa Ga-, lakini bila shaka hakuna aliyemfundisha tofauti hiyo, kama vile sisi sote hatukufundishwa. Baba yake, Muigai, alifariki angali mdogo, akalelewa na ami yake Ngengi, na kwa hiyo akajulikana kama Kamau wa Ngengi. Mnamo Novemba 1909 aliondoka nyumbani akaenda kujiunga na misheni ya Kanisa la Skotilandi.

Misheni hiyo ilikuwa Thogoto, mwendo mfupi tu kutoka Waithaka kuelekea magharibi. Naomba nitue hapa kidogo, kwa kuwa jina hili ni somo zima la fonolojia. Yasemekana kwamba Thogoto ni jina la Waskoti wenyewe lililopita katika kinywa cha Mgikuyu. Gikuyu haina s, basi s ikawa th. Haipendi konsonanti mbili zikabanana bila irabu kati yake, basi irabu ikapachikwa. Ikabaki k, na mbele yake ipo t. Msomaji aliyefuata hadi hapa anajua lililotokea. Wageni waliokuja kuwafundisha Wagikuyu kusoma na kuandika walipewa jina na wenyeji, na jina hilo likatiishwa chini ya sheria ambayo wageni hao hawakuwa wameisikia ikitajwa.

Kamau alijifunza kusoma, kuandika na useremala. Agosti 1914 alibatizwa. Alitaka kuitwa John Peter, lakini wamisionari walimtaka achague jina moja, naye akaunda Johnstone, kwa kuwa Petro maana yake ni jiwe. Werevu huo wa kuchezea majina hakuuacha maisha yake yote. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliishi miongoni mwa jamaa zake wa Kimaasai upande wa Narok, akiikwepa kazi ya shuruti. Katika miaka hiyo alianza kuvaa mshipi wa shanga uitwao kĩnyata kwa Gikuyu, na kutokana na mshipi huo akapata jina ambalo ulimwengu ungemjua nalo.

Neno hili kĩnyata nalipenda kwa sababu ya kialimu. Kila mwaka hutokea mwanafunzi mwerevu anayeuliza: kama t husababisha k kugeuka g, mbona jina la rais wetu wa kwanza halikuwa Ginyata? T si imo? Imo, lakini haiko jirani. Sheria hutazama konsonanti ya silabi inayofuata, nayo ni ny, sauti ghuna. T imekaa silabi moja mbele zaidi, na sauti yake haimfikii k. Mtu anayetaka kujua kama amelielewa umbo la sheria hii na ajipime kwa jina la Kenyatta. Akilifafanua bila kubabaika, amefaulu.

Mnamo 1922 aliajiriwa na Manispaa ya Nairobi kama karani wa stoo na msomaji wa mita za maji, kwa mshahara wa shilingi 250 kwa mwezi, kiasi ambacho Mwafrika wa wakati huo hakukiota. Aliishi Kilimani, lakini alijenga nyumba nyingine Dagoretti, akaweka humo bidhaa za kuwauzia majirani, na pahali hapo akapaita Kinyata Stores. Dagoretti haikuwa ndani ya mji wakati huo, ilihesabiwa upande wa Kiambu. Mpaka wa Nairobi ulipopanuliwa katika miaka ya 1960 ndipo Waithaka, Mutuini, Ruthimitu na Riruta zilipoingizwa jijini. Najaribu kumwaza karani huyu juu ya baiskeli yake, asubuhi akizungumza Kiingereza na wakubwa wa Manispaa, mchana Kiswahili na watu wa mjini, jioni Gikuyu dukani kwake. Mtu wa lugha tatu husikia mambo ambayo mtu wa lugha moja hayasikii. Husikia, kwa mfano, kwamba Mswahili anaweza kutamka kikombe na kitanda bila ulimi wake kusitasita hata chembe, ilhali kwa Gikuyu vyombo hivyo hivyo ni gĩkombe na gĩtanda.

Chama cha Kikuyu Central Association kilimwita awe katibu wake, na mwaka wa 1928 akaanza kuhariri gazeti la Muigwithania, lililoandikwa kwa Gikuyu. Mhariri wa gazeti hukutana na tahajia kila siku. Jina la chama chenyewe lilianza kwa K kama walivyoandika serikali, huku wasomaji wake wote wakilitamka kwa g. Februari 1929 alifunga safari ya kwenda London kuwasilisha malalamiko ya ardhi, akarejea 1930, kisha Mei 1931 akaondoka tena. Safari hii aliandamana na Parmenas Githendu Mockerie, na msomaji aliyezoea sasa ataikagua herufi ya kwanza ya jina la kati. Kenyatta hangeiona tena nchi yake kwa miaka kumi na mitano.

Miaka hiyo ilikuwa ya dhiki. Alikaa Moscow kwa muda mnamo 1932 na 1933, akarudi London bila fedha, akadaiwa kodi ya nyumba, na hata akatokea kama mmoja wa watu wa nyuma katika filamu ya Sanders of the River iliyotolewa mwaka wa 1935. Mwaka huo huo ndipo Idara ya Fonetiki ya University College London, iliyoongozwa na Daniel Jones, ilipomwajiri. Aliyemhitaji alikuwa Lilias Armstrong, mwanafonetiki aliyezaliwa mwaka wa 1882, ambaye tayari alikuwa amechapisha kitabu juu ya fonetiki ya Kisomali mnamo 1934 na sasa alikuwa amezamia Gikuyu.

Wenzetu waliowahi kukusanya data nyanjani wanaijua kazi ya mtoa data. Mtafiti huuliza neno, mtoa data hulitamka. Huulizwa tena, hulitamka tena. Kisha neno lile lile huwekwa katika sentensi, baadaye katika swali, baadaye katika kikanushi, na kila mara mtafiti huandika kama sauti imepanda au imeshuka. Ni kazi ya kuchosha, na inamtaka mtu ajisikilize mwenyewe kama anayemsikiliza mgeni. Msemaji ambaye kwa miaka arobaini ametamka lugha yake bila kufikiri huamka siku moja akagundua kwamba ana irabu saba wala si tano, kwamba toni peke yake yaweza kubadili maana ya neno, na kwamba th yake haifanani na th ya kwanza ya Kiingereza aliyofundishwa misheni.

Hapo kwenye th pana fumbo ambalo vitabu vyetu vya kiada hulipita haraka mno. Katika Gikuyu ya leo herufi hizo hutamkwa kama dh ya dhahabu, na dh ni ghuna. Kwa mantiki ya sheria tuliyoieleza, k isingepaswa kuikimbia. Mbona basi tunasema gĩthaka, wala si kĩthaka? Mbona Gathoni, wala si Kathoni? Kwa sababu sauti hiyo ilikuwa sighuna zamani, nayo sheria ilianza kufanya kazi wakati huo. Baadaye th ikaghunishwa, lakini k iliyokwisha kugeuka haikurudi ilikotoka, na hata maneno mapya yaliyoingia baadaye yakafuata desturi ile ile: kusoma ya Kiswahili ilipopokewa ikawa gũthoma. Kwa maneno mengine, mtoto wa Waithaka anayesema gũthoma anatii sharti ambalo sababu yake haisikiki tena kinywani mwake. Ninapofikia hapa huwa nashangaa kwamba niliwahi kuuita ulimi huo mvivu.

Armstrong hakukiona kitabu chake. Alifariki Desemba 1937, mswada ukiwa karibu kukamilika, na mwanafunzi wake Beatrice Honikman ndiye aliyeushughulikia hadi ukachapishwa mwaka wa 1940 kwa jina la The Phonetic and Tonal Structure of Kikuyu. Hadi leo anayechunguza toni za Gikuyu hana budi kukipitia. Kwa hiyo nyuma ya moja ya kazi za msingi za fonetiki ya lugha za Kiafrika kipo kinywa cha mtu wa Gatundu aliyelelewa Thogoto na kuuza bidhaa Dagoretti. Katika jalada, jina lililoandikwa ni la mtafiti. Ndivyo ilivyo kwa watoa data wengi, na wengi wao hawakuja kuwa marais ili sisi tuwakumbuke.

Wakati uo huo Kenyatta alikuwa akisoma anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski katika London School of Economics. Tasnifu yake ilitoka kama kitabu mwaka wa 1938, Facing Mount Kenya, na katika kitabu hicho ndipo alipoanza kujiita Jomo. Wengi hukisoma kwa ajili ya ardhi, ndoa na jando. Mwanafonolojia akisome kwa ajili ya maelezo mafupi ambayo msomaji wa haraka huyaruka. Humo Kenyatta anasema kwamba Wazungu wana mazoea ya kuliandika jina la watu wake kwa K, na kwamba tahajia hiyo si sahihi. Inapaswa kuwa Gikuyu, au, kwa maandishi halisi ya kifonetiki, Gekoyo. Anaongeza kwamba mtu mmoja ni Mu-Gikuyu na wengi ni A-Gikuyu, ila ili asimchanganye msomaji atatumia umbo moja tu kwa yote.

Maelezo hayo ni mafupi sana, lakini yamebeba mengi. Gekoyo, kwa e na o, ni mwandiko wa mtu aliyekaa chumbani na wanafonetiki, kwani ndivyo ĩ na ũ zinavyosikika. Nayo g ya mwanzo ni Sheria ya Dahl yenyewe: kiambishi kĩ- kimekutana na k ya mzizi, kikajitenga. Kenyatta hakuitaja sheria kwa jina wala hakutoa sababu. Alisema tu kwamba K ni kosa, kama asemavyo mzaliwa yeyote wa lugha. Lakini fikiria uzito wa jambo hilo. Alikuwa London kudai ardhi iliyochukuliwa, na ardhi haikurudishwa. Alidai uwakilishi, haukutolewa. Kitu kimoja alichoweza kukirudisha mahali pake kwa kalamu yake mwenyewe, bila ruhusa ya waziri wa makoloni, kilikuwa herufi ya kwanza ya jina la watu wake, nacho akakirudisha.

K yenyewe ilitoka wapi? Kwa maoni yangu tusimlaumu Mzungu peke yake. Misafara ya biashara kutoka pwani iliwatangulia Waingereza katika nchi hizi, na lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hakina Sheria ya Dahl, kwa hiyo ki- ikikutana na k hukaa nayo kwa amani: kikapu, kikombe, kikuku. Mswahili akisikia jina la Gĩkũyũ hulinyoosha bila kukusudia likawa Kikuyu, na mwenye ramani akaandika alichosikia. Yaani jirani zetu wa pwani waliliteleza jina letu kwa kufuata fonolojia yao, kama mimi nilivyoteleza kitabu chao kwa kufuata fonolojia yangu. Tofauti ni kwamba wao hawakusimamishwa mbele ya darasa.

Majirani zetu wengine wa Kibantu wangeshuhudia upande wetu. Wakuria huiita lugha yao Igikuria, na g hiyo ipo kwa sababu k inafuata. Wagusii huiita yao Ekegusii, na k ipo kwa sababu inayofuata ni g. Wameru husema Kĩmĩrũ, maana m ni ghuna. Mnyarwanda naye hukiita kitabu igitabo, na hakuna amchekaye Kigali. Ukiyaweka majina hayo ya lugha kando kwa kando, sheria inajieleza bila mhadhiri.

Kenyatta alirejea Kenya Septemba 1946. Mwaka uliofuata alishika uongozi wa chuo cha walimu cha Githunguri (tazama herufi) na kuchukua urais wa chama cha Kenya African Union kutoka kwa James Gichuru (tazama tena). Oktoba 1952 akakamatwa. Katika kesi ya Kapenguria lugha ilirudi kumkabili kwa sura nyingine. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete aliyeizungumza Gikuyu tangu utotoni, na mawakili wa utetezi wakamtuhumu kwamba hakuwa mwadilifu katika tafsiri, hata akajiondoa. Mtu aliyewahi kulipwa ili wageni waisikie lugha yake kwa usahihi sasa uhuru wake ulitegemea jinsi mgeni anavyoisikia. Alihukumiwa kifungo cha miaka saba mnamo Aprili 1953, akapelekwa Lokitaung, na hakuachiliwa hadi Agosti 1961.

Yaliyofuata yanajulikana na sina haja ya kuyarefusha: waziri mkuu mwaka wa 1963, rais tangu Desemba 1964. Utawala wake una sifa zake na una lawama zake, hasa katika suala lile lile la ardhi lililompeleka London, na wanahistoria wamelisema. Kwetu sisi wa Kiswahili lililo la maana ni kwamba mwaka wa 1974 aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na wabunge waliozoea Kiingereza wakajikuta wakitafuta maneno. Wasikilizaji wa kanda za hotuba zake wanajua kwamba Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kizito na chenye mvuto, na kwamba umati haukumcheka. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978.

Katika miaka yote ya urais wake hakuibadilisha tahajia aliyoikosoa mnamo 1938. Mji ulio karibu na Thogoto uliendelea kuandikwa Kikuyu, na stesheni yake ya reli vilevile, na ndivyo vinavyoandikwa hadi sasa. Ukisimama kituoni Waithaka jioni utamsikia utingo akiita abiria wa kwenda huko kwa K, kama ilivyo kwenye kibao cha gari. Mama mzee aliyebeba kikapu humuuliza nauli ya kwenda Gĩkũyũ ni ngapi, naye utingo humjibu bila kusita, na wote wawili huingia garini.